Fasihi na Njia ya Taaluma: Utetezi Unaojisaliti

Imekuwa ada katika idara za fasihi na za Kiswahili nchini Kenya kujitetea kwa hoja moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, au mzazi aliyemsindikiza kutoka Mwala, Yatta au Masinga, anapouliza shahada hii inampeleka mtu wapi, hujibiwa kwamba inampeleka popote apendapo: kwenye uwakili, kwenye usimamizi wa biashara, kwenye uanahabari, hata kwenye ubalozi. Husemwa kwamba kusoma riwaya na tamthilia kunanoa akili, kunafundisha kuandika na kuzungumza mbele za watu, na kwamba vyuo vya taaluma huwapenda watu wa namna hiyo. Jibu hutolewa kwa nia njema. Makala haya yanadai kwamba nusu yake ya kwanza si kweli kwa Kenya, kwamba nusu yake ya pili ni duni, na kwamba wanaolitoa wanaidhuru fasihi kuliko wale wanaoidharau waziwazi.

Inafaa kuanza na asili ya hoja yenyewe, maana haikuzaliwa hapa. Nchini Marekani mtu haingii chuo cha sheria wala cha udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Kwa kawaida hupata shahada nyingine kwanza, ndipo asome sheria kwa miaka mitatu au udaktari kwa minne. Chama cha mawakili cha nchi hiyo hakiagizi ni shahada gani itangulie, na vyuo vya udaktari humpokea hata aliyesoma ushairi madhali amepita kozi za sayansi zinazotakiwa. Katika mpango huo, swali la shahada ipi imwandaayo mtu vyema lina maana kamili, na mwalimu wa fasihi ana haki ya kuinadi bidhaa yake sokoni pamoja na wenzake wa historia na falsafa. Miaka minne ya mwanzo lazima itumike kwa jambo fulani. Kwa nini isitumike kwa kusoma vitabu?

Kenya iliurithi mpango wa Uingereza. Sheria ni shahada ya kwanza, ya miaka minne. Mhitimu huenda baadaye katika Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, na pamoja na muda wa uanagenzi kwa wakili hukaa yapata mwaka mmoja na nusu zaidi. Udaktari nao ni shahada ya kwanza, ya miaka sita, ukifuatwa na mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Anayeingia katika shahada hizo ametoka kidato cha nne, umri wake miaka 18 au 19. Basi hesabu na ifanywe. Aliyeteuliwa moja kwa moja kusoma sheria husoma miaka mitano na nusu kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Aliyepitia fasihi ili "ajiandae" husoma tisa na nusu, na akiwa na bahati husamehewa kozi chache za jumla. Miaka minne ya ziada ina karo yake, chakula chake na kodi yake ya chumba mjini. Kwa familia iliyo na ekari mbili tatu za matuta upande wa Kathiani, miaka hiyo huweza kuwa na maana ya kipande cha shamba kuuzwa. Mwalimu anayemwambia mtoto wa familia hiyo kwamba fasihi ni maandalizi mazuri ya sheria, bila kumpigia hesabu hii, amemficha jambo.

Ni kweli kwamba ziko taaluma ambazo mlango wake haubagui shahada. Uzamili wa usimamizi wa biashara humpokea mtu wa fasihi kama umpokeavyo mtu wa kilimo, na stashahada ya uzamili ya ualimu ni njia ya mwaka mmoja tu. Huko hoja ina ukweli kiasi. Lakini hata huko kuna jambo ambalo watetezi hawalitaji, nalo ni kwamba milango ya taaluma nchini Kenya ina tabia ya kutazama nyuma.

Mwenye shahada ya Kiswahili anayeomba kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, hata akiwa na uzamili, huulizwa alipata nini katika mtihani wa kidato cha nne: alama ya jumla isiyopungua C+, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012 inatajia alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili, pamoja na C+ ya jumla, miongoni mwa masharti ya kuingia. Msomaji na alitazame sharti hili kwa makini, kwa kuwa limebeba maungamo makubwa. Taifa limekiri kwa kalamu ya bunge lake kwamba wakili ni mtu wa lugha kabla ya kuwa mtu wa vifungu. Limekiri pia kwamba Kiswahili kinatosha kuuthibitisha uwezo huo, sawa na Kiingereza. Kisha likaufunga uthibitisho wenyewe katika karatasi aliyoiandika mtoto wa miaka 18 mwezi wa Novemba. Miaka minne ya kusoma tenzi, ya kupima neno kwa neno, ya kuandika tasnifu, haiingii katika mizani hiyo hata kidogo.

Watu wenye shahada ya sheria wamewahi kwenda mahakamani baada ya kunyimwa nafasi kwa sababu ya alama zao za kidato cha nne. Sehemu kubwa ya mabishano hayo ilihusu namna ya kuzisoma aya mbili za sheria hiyo zilizounganishwa na neno moja dogo, lenye maana ya "au": je, sharti la alama linawahusu waombaji wote, ama wale tu waliosomea nje ya vyuo vya Kenya? Mawakili na majaji waliovaa majoho wakaketi kulijadili neno lisilozidi herufi mbili. Mhakiki wa fasihi anayelisikia jambo hili na kuendelea kusema kwamba taaluma yake hufundisha "stadi za mawasiliano" hajui alicho nacho mkononi.

Na uchaguzi unazidi kusogezwa nyuma. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uchaguzi mkubwa ulimkabili kijana alipojaza fomu za kuteuliwa kuingia chuo kikuu. Chini ya mtaala mpya wa umilisi unamkabili mwishoni mwa gredi ya tisa, kwa kuwa sekondari ya juu imegawanywa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Fasihi ya Kiswahili imewekwa katika njia ya sayansi za jamii. Lugha yenyewe ni lazima kwa wote, lakini fasihi kama somo imepewa boma lake, na yule atakayekuwa daktari aghalabu atapita kando yake akiwa na miaka 15. Hapa palitarajiwa kelele kutoka idarani. Kelele zilizosikika zaidi zilihusu idadi ya vipindi.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya jibu. Nusu ya pili, ile ya kunoa akili na kufundisha mawasiliano, inahitaji kushughulikiwa kwa ukali zaidi kwa sababu imeanza kuibadilisha mitalaa. Idara iliyoahidi kuandaa mameneja hujikuta inalazimika kutimiza ahadi. Kozi ya ushairi wa karne ya 19 hupunguzwa, ikaingia ya uandishi wa barua za ofisi. Fasihi simulizi hubaki kwa jina, lakini kazi ya nyanjani, ile ya kumfuata mzee kilimani na kunukuu maneno yake kama alivyoyatamka, huondolewa kwa kuwa ni ghali. Jina la shahada hurefushwa kwa "na" mbili tatu. Mwishowe mwanafunzi huhitimu akiwa hakusoma fasihi ya kutosha kuwa mhakiki, wala biashara ya kutosha kuwa meneja, na mwajiri anayemhitaji mtu wa mawasiliano humchukua aliyesomea mawasiliano. Aliyejifanya mtumishi wa kila nyumba hulala nje.

Kosa la hoja hii ni kuidhania fasihi kuwa mazoezi ya jumla, kama kukimbia asubuhi, ambayo humfaa kila mtu kwa kazi yoyote. Fasihi si mazoezi ya jumla. Ni elimu mahususi ya kitu mahususi: jinsi maneno yanavyobeba maana zaidi ya moja, nani anafaidi maana moja ikishinda, na ni kwa ushahidi gani msomaji anaweza kusema kwamba maana hii ina nguvu kuliko ile. Elimu hiyo ina mahali pake pa kazi, na kwa mtu wa Machakos mahali penyewe si mbali. Ni mahakamani, mjini pale.

Sheria ya Kenya inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Shahidi aliyetoka Kalama au Ndithini, akiwa mzee, huzungumza Kikamba. Karani humfasiria hakimu, aghalabu kwa Kiswahili. Hakimu huandika kwa Kiingereza. Rufani ikikatwa, jaji wa Mahakama Kuu husoma maandishi hayo ya Kiingereza, naye huamua kama shahidi alijipinga, kama alikuwa na hakika, kama neno lake lilikuwa tishio au utani. Maneno aliyoyatamka shahidi kwa kinywa chake hayamo popote katika jalada. Kilichomo ni tafsiri ya tafsiri, iliyofanywa papo kwa papo na mtu ambaye huenda hakufundishwa tafsiri hata siku moja.

Chukua neno moja tu. Shahidi wa Kikamba akitaja kĩthitũ, karani hana budi kulipatia Kiswahili chake upesi, na Kiswahili chake ni kiapo. Hakimu ataandika neno la Kiingereza lenye maana ya kuapa kwa kushika kitabu. Lakini kĩthitũ si kitabu. Kwa mila za Wakamba ni kitu chenye nguvu ya kuua, ambacho mtu hukiendea kwa hofu kwa kuwa akiapa uongo hafi yeye peke yake, bali mauti huwafuata na jamaa zake. Mdai anayesema kwamba alimwita jirani yake kwenye kĩthitũ na jirani akakataa hasemi kwamba jirani alikataa kula kiapo cha kawaida; anadai kwamba jirani alijiona mwenye hatia, na pengine jirani naye atajibu kwamba alikataa kwa kuwa ni Mkristo, au kwa kuwa alihofia wanawe. Hapo kuna visa vitatu ndani ya neno moja. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa na njia ya kuukaribia uzito huo: kamusi za zamani huonyesha kwamba kiapo kilikuwa pia jaribio la kumtambua mkosaji kwa kumlisha au kumgusisha kitu cha hatari, na usemi wa "kula kiapo" umehifadhi alama yake hadi leo. Mfasiri anayeijua historia hiyo ya neno angeweza kumwonya hakimu. Asiyeijua hupita.

Hii ndiyo kazi ambayo mhakiki anaifahamu. Kutofautisha sauti ya msimulizi na sauti ya mhusika, kujua kwamba methali iliyotajwa katikati ya ugomvi haiwezi kusomwa kama taarifa, kutambua kimya kinachosema: hayo yote hufundishwa katika kozi za uhakiki, lakini hufundishwa kana kwamba yanahusu vitabu vya kutahiniwa pekee.

Wakoloni waliijua thamani yake kwa njia yao. Mwaka 1951 D. J. Penwill, ofisa wa utawala, alichapisha kitabu cha sheria za kimila za Wakamba kutokana na maelezo aliyoyakusanya katika Wilaya ya Machakos. Chanzo chake kikuu kilikuwa maneno ya wazee. Kwa maneno mengine, kitabu cha sheria kilichoanzia hapa kilikuwa, kwa upande mmoja, mkusanyo wa fasihi simulizi uliofanywa na mtu asiyejiita mhakiki, kwa lugha ambayo wengi wa wasemaji wake hawakuwa na uwezo wa kuisoma. Maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kuyauliza ndiyo maswali ambayo wakili wa ardhi angepaswa kukiuliza kitabu hicho: nani alisimulia, mbele ya nani, kwa faida ya ukoo gani, na nini kiliachwa. Ni idara ngapi zimewahi kukiweka mbele ya wanafunzi wao?

Wala historia ya mahali hapa haikosi mfano wa upande wa pili, wa wananchi kuishika lugha ya dola. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoanza kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa kuinadi kwa nguvu, wakiongozwa na Muindi Mbingu walipinga kwa njia mbili kwa pamoja. Waliandamana hadi Nairobi, na waliandika: malalamiko yao yalifika hata London. Chama chao cha Ukamba hakikuwa na mawakili waliohitimu Karen. Kilikuwa na watu wachache waliosoma shule za misheni na walioelewa kwamba serikali inayotawala kwa karatasi hujibiwa pia kwa karatasi. Muindi Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini mnada wa lazima ulisitishwa. Maandishi ya namna hiyo ni fasihi ya Kenya kwa maana yoyote nzito ya neno, na yangestahili kusomwa sambamba na riwaya za wakati huo.

Watetezi wa fasihi kama ngazi hupenda kutaja majina. Hutajwa Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyeandika The River and the Source, riwaya iliyotoka mwaka 1994 na kushinda tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika, mwaka uliofuata. Hutajwa Okot p'Bitek, mshairi aliyekuwa na shahada ya sheria. Majina ni ya kweli. Hoja inayojengwa juu yake imegeuzwa kichwa chini. Ogola hakupitia idara ya fasihi ili awe daktari. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akatibu, na uandishi ukamjia akiwa tayari ndani ya taaluma. Okot alikuwa ameshachapisha riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar, mwaka 1953, kabla ya kwenda Uingereza. Huko alisoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha akaishia Oxford akiandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Sheria kwake ilikuwa kituo cha njiani kuelekea kwenye nyimbo. Ikiwa maisha haya yanathibitisha chochote, yanathibitisha kwamba mtu mwenye taaluma huihitaji fasihi, na huifuata hata asipofundishwa. Hayathibitishi kwamba shahada ya fasihi ni tiketi.

Katika upwa wa Waswahili mgawanyo wenyewe ulikuwa mgeni. Sheikh Muhyiddin bin Sheikh Qahtan alikuwa kadhi na alikuwa mshairi katika karne ya 19, na hakuna aliyemwuliza ni ipi kati ya hizo iliyomwandaa kwa nyingine. Na Nyerere, mwalimu aliyesoma Makerere na Edinburgh, alipotaka kukipima Kiswahili baada ya kukitafsiria Juliasi Kaizari, alichagua tamthilia ambayo kilele chake ni kesi: Mabepari wa Venisi, 1969. Kesi hiyo huamuliwa kwa kusoma. Mkataba unataja nyama, hautaji damu. Walimu wengi wameifundisha tamthilia hiyo kwa kueleza maudhui ya huruma na ulipizaji kisasi, na wachache wamesimama penye swali ambalo mwanasheria angesimama: je, usomaji ule ni halali, au ni hila ya mwenye nguvu dhidi ya mgeni? Swali hilo halina jibu jepesi, na mwanafunzi akilibishania kwa saa mbili kwa kurejelea maandishi peke yake, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna kozi ya barua za ofisi inayoweza kuifanya.

Hapana budi kukabili pingamizi moja, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Itasemwa kwamba haya ni maneno ya watu wenye mishahara. Kwamba kijana wa Matungulu anahitaji kazi, si kĩthitũ. Kwamba walimu waliohitimu na hawajaajiriwa wamejaa vijijini. Na kwamba idara isiyoahidi kazi itakosa wanafunzi, na isiyo na wanafunzi itafungwa. Pingamizi hili ni la haki. Mzazi anayeuliza juu ya mshahara si adui wa fasihi, na wahadhiri wanaomcheka vyumbani mwao wanapaswa kuona haya. Lakini pingamizi linadai mwanafunzi aambiwe ukweli, na ahadi ya ngazi si ukweli. Aliyedanganywa kwamba shahada hii ni mlango wa sheria atagundua mwaka wa tatu kwamba mlango ulikuwa kwingine, na hasira yake ataimalizia kwa fasihi, na kwa wadogo zake watakaomwuliza wasome nini.

Aidha, idara zimewahi kuwa na ujasiri mwingine. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi yake, iwekwe katikati, hawakuuliza mameneja wanataka nini. Waliuliza kitu gani kinapaswa kujulikana na mtu aliyesoma katika nchi hii. Mtu anaweza kutofautiana nao kwa mengi, mojawapo likiwa kwamba Kiswahili hakikupata mara moja nafasi iliyokistahili, lakini swali lao lilikuwa la wenye nyumba.

Chuo Kikuu cha Machakos kilipata hati yake mwaka 2016, baada ya kuwa tangu 2011 chuo kishirikishi cha Kenyatta, na kabla ya hapo chuo cha ufundi. Uwanja uliofundisha ufundi kwa miaka mingi si mahali pabaya pa kukumbushia kwamba fundi hajinadi kwa "stadi za jumla". Seremala husema anatengeneza meza. Idara za fasihi, za hapa na za kwingineko, zina uwezo wa kusema wanachotengeneza: wasomaji wa maneno yanayobishaniwa. Kulisema hilo kwahitaji mambo machache ambayo si ya anasa. Hukumu, hati za kiapo na kumbukumbu za kesi zisomwe darasani kama matini, si kama mapambo. Kazi ya nyanjani irudishwe, na kila mwanafunzi anukuu masimulizi katika lugha ya mama yake, ayatafsiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha atetee kila neno alilolichagua. Tafsiri ya mahakamani ifundishwe na idara za Kiswahili, kwa kuwa hakuna mwingine aliye tayari kuifundisha vizuri. Na kwa upande wa milango inayotazama nyuma, idara ziungane kudai kwamba aliyekwisha kupata shahada apimwe kwa mtihani wa kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, kama Makerere ilivyowahi kuwafanyia mtihani walioomba kusoma sheria, badala ya kurudishwa kila mara kwenye karatasi ya kidato cha nne.

Basi na ifikiriwe kwamba msichana wa Masinga amekuja na C+ yake na B ya Kiswahili, na kwamba anataka kuwa wakili. Mshauri mwaminifu atamwonyesha kwanza kwamba sharti la alama amelitimiza, lakini kwamba kutimiza sharti si kuteuliwa, kwani nafasi za serikali huchukuliwa na wenye alama za juu zaidi. Atampigia hesabu ya miaka mitano na nusu na ya miaka tisa na nusu, kwa shilingi, mama yake akiwa ameketi hapo. Atamwambia kwamba kama sheria ndiyo shabaha, na njia yoyote ya kuifikia moja kwa moja ipo, aifuate. Akichagua Kiswahili hata hivyo, wiki yake ya kwanza asipewe orodha ya kazi anazoweza kupata. Apewe ukurasa mmoja wa ushahidi uliotafsiriwa kutoka Kikamba, na aulizwe shahidi alisema nini.